Mawe ya Kiunoni

Redio ya kantini ilitangaza ushuru mpya wa alumini wakati wafanyakazi wa kiwanda cha sufuria wakinywa chai ya saa nne. Ushuru huo ulikuwa umepanda, ukashuka, na sasa unapanda tena; hata mtangazaji alisikika kuchoka. Mpanga gharama wa kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Punguza, mara nyingi nyuma ya mgongo wake na mara nyingine usoni pake, alimaliza kikombe chake, akaenda kwenye mashine inayobana mabamba na kuzungusha usukani wake kidogo. Sufuria zikaanza kutoka nyembamba. Juu ya usukani akaandika kwa chaki: KWA MUDA.

Dada yake alikuwa meza ya mwisho. Kazi yake ilikuwa kugonga. Kila sufuria iliyomfikia aliigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Nzima iliimba, yenye ufa ilikwaruza na kutupwa kwenye pipa la mabaki.

"Sauti imekuwa ya kitoto," alimwambia ndugu yake.

"Ni kwa muda tu, dada. Ushuru ukishuka, narudisha."

"Haya. Mimi nagonga tu."

Alasiri hiyo miguu ya dada iliachana na sakafu. Hakupaa sana, ilibaki nafasi ya kupitisha ufagio, na mfagizi akaupitisha, akashukuru. Kufikia mwisho wa wiki mafundi wote walikuwa wakielea. Uzito uliopunguzwa kwenye sufuria ulikuwa umepungua na kwao, na hakuna aliyeona haja ya kulijadili zaidi. Ofisini hakuna aliyeelea.

Kero ilikuwa kazi, maana mtu anayening'inia hewani hawezi kukandamiza mtaimbo wa mashine. Wakajaza mifuko ya aproni kwa vipande kutoka pipa la mabaki, wakatulia chini, shughuli ikaendelea. Lakini jioni askari wa getini aliwapekua kama siku zote.

"Mali ya kampuni hiyo, mama. Toa."

Walitoa, wakapanda juu. Jamaa zao wakazoea kuwasubiri nje ya geti, wawashike mikono na kuwavuta hadi nyumbani. Mume wa mpaka rangi alikuja na kamba ya kuanikia nguo, akasifiwa na mtaa mzima.

Dada yake Bwana Punguza alikuwa mjane, hakuwa na wa kumsubiri isipokuwa mdogo wake, naye alichelewa kutoka kwa sababu ya hesabu. Alimkuta ameshikilia nondo za geti, miguu juu, mkoba umeanguka chini. Akambeba mgongoni. Zamani mama yao alipokwenda kibaruani, dada huyu ndiye aliyembeba yeye kutwa nzima. Sasa alimtafuta mgongoni asimhisi, ila pumzi tu shingoni.

"Ulikuwa mzito wewe," dada alisema. "Uliniua kiuno."

Bwana Punguza alicheka kidogo, kisha akaona aibu, aibu ya kweli. Hakulala vizuri.

Asubuhi alimwomba bosi awaruhusu watu watoke na mabaki mifukoni.

"Alumini itoke getini bure?" bosi aliuliza. "Wakati kama huu?" Hakuwa mtu mbaya, na mwenyewe alipenda kulisema hilo. Akafikiri. "Mawe. Mawe hayana ushuru."

Yakaletwa mawe ya mtoni. Fundi viatu akashona mikanda yenye mifuko, na gharama ya mikanda ikakatwa kwenye mishahara. Bwana Punguza ndiye aliyepiga hesabu. Ushuru ukapanda tena, usukani ukazungushwa tena, kila mtu akaongezewa jiwe.

Kisha, katika chai ya saa nne, redio ikatangaza kwamba ushuru wa alumini umefutwa kabisa. Hakuna aliyeshangilia. Wote walimgeukia Bwana Punguza, na dada yake akaweka kikombe chini. Bwana Punguza akapanda ngazi kwa bosi mbiombio.

"Turudishe usukani," alisema.

"Tusikurupuke. Leo wamefuta, kesho watazua mwingine. Na wateja wameshazoea sufuria nyepesi."

"Na bei?"

"Bei nayo wameizoea."

Bwana Punguza alishuka, akasimama mbele ya mashine, akaushika usukani. Hakuwa na mtu wa kumzuia. Ulihitaji kuzungushwa kidogo tu, na mkono wake ulikuwa na nguvu za kutosha. Lakini dirisha la bosi lilitazama pale pale, naye alikuwa na nyumba yenye watu waliomtegemea. Akauachia. Aliona kwamba yale maneno yake, KWA MUDA, yamefifia kwa vumbi na vidole vya watu, akatoa chaki mfukoni, akayakoleza.

Kisha akaenda meza ya mwisho. Dada yake alikuwa akielea kidogo, mkanda ukiwa umelegea.

"Ule muda umeisha?"

"Bado, dada."

Dada alimtazama vile alivyomtazama utotoni alipomkojolea mgongoni.

"Basi nisogezee lile jiwe kubwa."

Akamsogezea. Dada akalitia mfukoni, akakaza mkanda, miguu ikagusa sakafu. Akagonga sufuria iliyofuata na kuinamisha sikio. Ilikuwa nzima, akaipitisha.