Futi Sita na Maji ya Mvua

Marehemu mume wangu alikuwa mchimba makaburi, na watu walimwita Futi Sita. Hata mimi nikikasirika nilimwita hivyo. Alijivunia kuta zake. "Pitisha uzi ukutani," alikuwa akisema, "ukiona mwanya, niite mchimba choo." Hakuna aliyewahi kupitisha uzi, kwa hiyo alibaki na sifa zake.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko. Chini, katika kiwanja hichohicho, aliishi wifi yangu, dada yake mkubwa, fundi cherehani. Mvua ikinyesha, maji yalishuka kutoka kwenye bati letu, yakatelemka ua nilioufagia mpaka ukawa mgumu kama sakafu, yakaingia kwa wifi bila hodi. Mwaka ule yalilowesha sare za kwaya nzima. Waimbaji walisimama mbele ya watu na madoa ya matope magotini, na waumini wakasifu jinsi walivyoomba kwa bidii.

Wifi hakucheka. Alipanda hadi kwetu tukiwa mezani.

"Mdogo wangu, maji haya yakiingia kwangu tena, nafunga virago. Mwanangu ana chumba ghorofani. Huko maji hupanda kwa bomba tu."

"Nenda," mume wangu akajibu. "Nani kakushika?"

Wifi akaondoka. Mume wangu akasukuma sahani yake, na yeye chakula alikuwa hamwachii hata paka. Katika tumbo la mama yao walikuwa wamebaki wawili tu. Walitukanana kila asubuhi kabla ya kunawa uso, na siku asiposikia matusi ya dada yake alinituma nikaone kama anaumwa.

Kesho yake tulipita kwa muuza miche kando ya barabara. Alimsikiliza mume wangu, akachora udongoni kwa kijiti.

"Mzee wangu, usipigane na maji. Yakaribishe. Pale yanapopita, fanya bonde pana, kina cha goti tu, kama sahani. Panda mimea isiyoogopa maji wala jua. Maji yatatulia humo yazame ardhini polepole. Sasa ule udongo unaoutoa…"

Mume wangu akainua kiganja. "Hapo hapo, kijana. Miche nitanunua kwako. Kuchimba, unaniambia mimi?"

Siku yake ya mapumziko aliamka na sepetu yake. Nilikuwa ndani nikichambua mchele, namsikia akipiga mluzi. Nilipotoka na chai, nikakuta kaburi.

"Mume wangu, hili ni kaburi."

"Ni shimo la maji."

"Lina pembe nne. Wewe mwenyewe sikuoni kichwa."

Akachungulia kutoka chini, jasho likimtiririka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya wenyewe. "Mkono umekwenda wenyewe," akasema. Kisha akajikaza. "Lakini maji hayachagui umbo. Shimo ni shimo."

Jirani yetu, muuza mkaa, alikuwa amesikia ule ugomvi wa mezani. Sasa akachungulia juu ya ua, akaona kaburi, hakumwona wifi, akajumlisha. Haukupita muda, akina mama wa mtaani wakaingia wamejitanda vichwani, mmoja ameshaanza kulia tangu barabarani. Wifi akatoka chumbani kwake, futi ya kupimia nguo shingoni, pini mdomoni.

"Kuna nini? Nani kafa?"

Aliyekuwa akilia akanyamaza ghafla. "Wewe, dada."

"Mimi? Mbona sijaambiwa?"

"Tumesikia… na kaburi tumeliona…"

"Na hicho kifuko?"

"Sukari. Ya msiba."

"Basi mpeni mwenyewe," wifi akasema, akaipokea. Sukari ile tuliinywa mwezi mzima, na kila akikoroga kikombe aliniambia, "Wifi, onja matanga yangu."

Mvua ikaja. Mume wangu akavuta kiti mlangoni kutazama kazi yake. Maji yalishuka kwa kishindo, yakafika kwenye rundo la udongo, na hapo ndipo sote tulipoelewa. Kazini kwake udongo uliwekwa upande wa juu, ili wafiwa wasimame upande wa chini bila kuchafuka viatu. Maisha yake yote hakuweka udongo pengine. Rundo likayapasua maji mapande mawili, yakalizunguka shimo kwa heshima, moja kulia, moja kushoto, yakakutana tena mbele na kwenda moja kwa moja kwa wifi.

"Mdogo wangu!" tukasikia kutoka chini. "Shimo lako kavu na mimi naogelea!"

"Subiri kwanza!"

"Nisubiri nini? Tatizo lako umezoea wateja wasiolalamika!"

Mvua ilipokatika wifi alikuwa ameshampigia simu mwanawe. Angekuja Jumapili na gari lake la kubebea mizigo. Mume wangu akaniuliza kama nimesikia vizuri, labda ni Jumapili ya mwezi ujao. Nikamwambia ni hii. Akavaa viatu, akarudi kwa muuza miche, na safari hii alivua kofia na kusikiliza mpaka mwisho.

Kwanza alifukia lile shimo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifukia shimo lisilo na mtu, na alifanya haraka kama anayeona aibu. Kisha akachora mduara mpana kuliko sebule yetu. Kazi ya kuchimba kwa upana ilimtesa. Akianza mahali, mkono ulitaka kushuka. Ikabidi niketi pembeni kwenye kigoda nimchunge.

"Goti, mume wangu! Goti!"

"Sijapita."

"Umepita. Hilo ni paja."

Wifi alikuwa akifunga vitu vyake, lakini kila nikigeuka nilimwona ametoka, mara kukung'uta nguo isiyo na vumbi, mara kumwaga maji yasiyokuwepo. Mwisho akaja na futi yake ya nguo, akaanza kupima kina.

"Hapa umezidisha. Unataka kumzika nani tena?"

"Wewe si unaondoka? Yanakuhusu nini?"

"Naondoka. Lakini sitaki kuondoka nikiwa na aibu ya bonde lililopinda."

Udongo ukawekwa upande wa chini, tuta refu lililokunjwa kama mkono uliokumbatia. Wifi akalikanyaga kwa visigino mpaka likakaza. Upande unaoelekea mtaro wa barabarani tukaacha mlango mdogo, tukaupanga mawe, ili maji yakizidi yapate njia. Katikati tukapanda magimbi, ukingoni mchaichai, na juu ya tuta ukoka. Mimea yenyewe ilikuwa imelegea kama wagonjwa foleni.

Jumapili mpwa wake akaja na gari. Alikuwa kijana wa maneno machache, mwenye haraka. Alishapakia kabati na cherehani, akaifunika kwa turubai, na alikuwa anatoka na godoro kichwani pale matone ya kwanza yalipopiga bati. Mara mvua ikafunguka yote.

Wifi alikuwa mlangoni kwake. Mume wangu alitoka hivyohivyo, bila mwavuli, akasimama juu ya tuta. Maji yakaja yakikimbia kama kawaida yao, yana taka na povu. Yakaingia bondeni, yakazunguka, yakapunguza mwendo. Yakapanda kwenye mashina ya magimbi. Yakagusa tuta. Nilimwona mume wangu amekunja vidole vya miguu. Maji yakapanda kidogo tena, yakauona mlango wa mawe, yakaanza kutoka taratibu kuelekea mtaroni.

Mbele ya mlango wa wifi, pale chini ya upenu, vumbi lilikuwa bado vumbi.

Mume wangu akapangusa uso, ingawa mvua iliulowesha tena palepale.

"Dada, kwako ni kukavu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo hata makaburini. "Sasa unaweza kwenda. Hutasema nilikufukuza kwa maji."

Wifi akamtazama. Akatazama bonde.

"Niende nimwachie nani hili? Wewe? Ukiachwa peke yako na sepetu, mwisho wa wiki litakuwa futi sita."

"Nitapalilia tu."

"Utapalilia nini, hujui gimbi na gugu! Tazama ule mche, umelala. Ndivyo unavyopanda?"

Akavua viatu, akapandisha gauni, akaingia bondeni maji yakimfika chini ya goti.

"Usikanyage hapo! Utanibomolea tuta!"

"Tuta nimelikaza mimi!"

Kijana alikuwa bado amesimama katikati ya ua, godoro kichwani, akiwageukia mmoja baada ya mwingine.

"Mama? Mjomba? Sasa hili godoro?"

Hawakumsikia. Walikuwa wameinama wote wawili juu ya mche mmoja, kila mmoja akiuvuta upande wake.

"Lirudishe ndani, mwanangu," nikamwambia, "kabla halijalowa."