Namba Tatu za Dawati la Ushauri

Mama Kola alitia kiberiti mkobani, na kisu pia. Aliacha jagi la maji, mkate uliofunikwa kwa sahani, ndoo pembeni ya kitanda na redio iliyokuwa ikinong'ona. Baba yake alikuwa ameketi kitandani na futikamba mkononi, akiuliza kama fundi mwenzake ameshafika. Akamjibu kuwa yuko njiani. Kisha akatoka, akafunga kufuli kwa nje, akasimama kidogo kusikiliza. Mzee hakugonga. Siku ambazo hakugonga ndizo zilizomuuma zaidi.

Jina hilo la Mama Kola alipewa kiwandani. Miaka kumi na mmoja alishona kola za mashati, mia nne kwa siku, na hakuna aliyewahi kumfikia. Baba yake alikuwa seremala, lakini huu ulikuwa mwaka wa pili akili inamtoka kidogo kidogo. Mara mbili alitoka kwenda kuitafuta karakana yake iliyobomolewa zamani. Mara ya pili dereva wa lori alimkuta katikati ya barabara kuu, amepiga magoti, anaipima lami. Ndipo kufuli likanunuliwa. Jirani, bibi muuza mkaa, alikuwa akimchungulia dirishani na kumpa chai. Wiki iliyopita bibi alihamia kwa bintiye, na sasa hapakuwa na jicho la mtu.

Kwenye lango la kiwanda kulikuwa na tangazo jipya: "Unauguza nyumbani? Usibebe peke yako. Njoo Dawati la Ushauri. Siri yako ni siri yetu." Mama Kola alilipita siku nne. Siku ya tano, saa ya chakula, akaenda.

Dawati lilikuwa kwenye stoo ya zamani ya vitambaa. Mshauri, binti wa sauti ya upole, alimpa kiti na kumwambia aseme yote, pale hakuna wa kumhukumu. Mama Kola hakukusudia kulia, lakini alilia. Alisema hata la kufuli. Alichoomba ni kusamehewa kazi ya ziada ya jioni, au kuonyeshwa mahali ambapo mzee angeshinda mchana. Binti aliandika kila neno. Kazi ya ziada haikuwa chini ya mamlaka yake, alisema, lakini akampa karatasi yenye namba tatu za simu.

Mama Kola alizipiga akiwa amesimama nje ya vyoo. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye duka alisema kwa uchovu kuwa Mama Kola ni mtu wa sita mwezi huu kumuuliza habari za kulea wazee. Ya tatu aliipokea mama mmoja mstaarabu, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kuwa huduma yao hupitia kwa mwajiri tu, kwa hiyo aende kwenye Dawati la Ushauri la kiwanda chake.

Saa nane msimamizi alikuja akasimama nyuma ya cherehani chake. Alimwambia ahamie meza ya kukata nyuzi, wanakowekwa wanaojifunza. Hakushusha sauti.

"Mtu anayemfungia baba yake kufuli kama mbuzi, akili yake haiko kwenye sindano."

Vyerehani vya jirani vilinyamaza. Pembeni ya Mama Kola, mwenzake wa miaka yote, waliyemwita Twiga kwa urefu wake, aliinamisha kichwa. Twiga alikuwa na mtoto wa miaka tisa asiyeweza kukaa mwenyewe.

Mama Kola hakwenda kwenye meza ya nyuzi. Alirudi stoo bila ruhusa.

"Uliniambia ni siri."

Binti hakuweza kumtazama. "Ni siri ya kampuni, mama. Nakala ya kila maelezo inakwenda Ofisi ya Utumishi. Na mimi nimeajiriwa tu."

Kisha, kwa aibu, akasogeza fomu. Jumatatu wanunuzi wa mashati wangekuja kukagua, na zilihitajika saini thelathini za waliohudumiwa. Palikuwa na sehemu ya kuandika msaada uliopokelewa. Mama Kola alichukua kalamu, akaandika: "Nimepewa namba tatu. Moja imekufa, moja inauza vipuri, moja imenirudisha hapa. Halafu nikanyang'anywa cherehani." Akatia saini.

Binti alisoma, akasema fomu kama hiyo haitahesabika.

"Basi nipe, nitaihesabu mimi."

Aliibeba mpaka ukumbi wa kushonea, akasimama kati ya mistari ya vyerehani, akaisoma kwa sauti. Hakuongeza neno ila moja la mwisho: mwenye mgonjwa nyumbani, asiende kule kumtaja. Msimamizi alikuja mbio, akamwamuru atoe kitambulisho na atoke nje ya lango. Alikitoa. Hakuna aliyesimama kumtetea. Kila mmoja alikuwa na watu wa kulisha.

Msimamizi akapiga makofi kazi iendelee. Twiga alitoa mfukoni fomu ya kuomba ushauri aliyoichukua asubuhi, ambamo alikwisha kuandika jina la mwanawe. Aliichanachana vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye kapu la mabaki ya vitambaa. Kisha akavuta kola iliyokuwa mbele yake, akakanyaga pedali.