Marivic Tisa Ofisini

Jumatatu ya kwanza ya Februari, saa mbili asubuhi, Marivic Dumalagan aliitwa katika ofisi ya ajira ya duka kubwa mjini Mandaue, bahasha ya kaki mkononi. Wasifu wake ulikuwa na kazi tisa katika miaka minne, kila moja ya miezi mitano. Sheria inasema anayefikisha miezi sita ni mwajiriwa wa kudumu, na waajiri wa Mandaue wanaiheshimu sheria kiasi kwamba hawamruhusu mtu kuisumbua. Marivic alitaka jambo moja tu: kufikisha miezi sita mahali pamoja.

Ofisa wa ajira, Bwana Wendell Tibayan, aliusoma huku akila siomai, vidonge vya nyama vilivyofungwa kwa unga.

"Dada, wewe ni panzi? Mbona hutulii?"

"Mkataba uliisha, bosi."

"Mara tisa?"

"Mara zote tisa."

Mlango ukafunguka, wakaingia Marivic wengine tisa, kila mmoja na sare ya kazi aliyoachishwa: watano makeshia, wawili wakunja nguo, mmoja mkaanga kuku, mmoja mpuliza manukato. Bwana Tibayan aliwaomba wafute viatu.

"Hapo ndipo mnapoharibu," alisema. "Mnajileta mmoja mmoja. Mnaofanana, ingianeni."

Makeshia wakaingiana kama vikombe vya plastiki. Wakunja nguo vilevile. Mkaanga kuku akagoma.

"Nimwingie nani mimi? Yule wa manukato atapiga chafya."

"Tena mwaka mzima," alisema wa manukato.

"Tutaandika 'huduma kwa wateja'," alisema Bwana Tibayan. "Hapo mnaenea wote."

Wakaenea. Wote waliishia ndani ya Marivic, aliyekuwa sasa mzito hata vigae viwili vikapasuka chini ya kiti chake. Wasifu ulibaki na mstari mmoja: huduma kwa wateja, karibu miaka minne, bila kukatika.

"Umeona? Sasa unaonekana mtu mwaminifu. Kampuni hii inataka watu wa kukaa."

"Mkataba ni wa muda gani, bosi?"

"Miezi mitano. Ndio utaratibu."

Marivic alitia saini. Kabla wino haujakauka, Marivic mwingine alikuwa amesimama kando yake, amevaa sare ya duka lile, ameshika barua ya kuachishwa kazi iliyokwisha kupigwa muhuri.

Bwana Tibayan aliisoma barua, akaikuta haina kosa, akamwomba mgeni asubiri nje hadi Julai.