Chaja ya Getini

Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo la suruali aliyoishona halikuwahi kufumuka. Kwa mambo ya nguo hakuna aliyemuweza. Kwa mambo ya gari alikuwa na aibu moja tu, lakini ilikuwa aibu ya kutosha watu wawili: hakujua kurudisha gari nyuma. Mbele alikwenda vizuri, na kona alikata. Ila akitia rivasi tu, kulia kunakuwa kushoto, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Leseni yenyewe aliipata kwa mkaguzi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Siri hiyo hakuijua mtu, hata mkewe. Kila jioni Pindo aliingiza gari uani kwa mbele, raha mustarehe. Asubuhi, muda wa kulitoa ukifika, alimkabidhi mkewe ufunguo kwa mikono miwili na kusema, "Toa wewe, mke wangu. Siku ianze na mkono wako." Mkewe, muuguzi asiyebabaishwa na mtu wodini, alilainika kila asubuhi. Alilitoa gari kwa rivasi moja safi mpaka barabarani, kisha mumewe akashika usukani wakaenda zao kazini. Kwa dada zake alijigamba kwamba wako wanaume wanaonunua zawadi, na wako wanaojua mapenzi.

Walipobadilisha gari wakanunua la umeme, mambo yakaanza kwenda kombo. Tundu la kuchajia lilikuwa nyuma, juu ya gurudumu la kushoto. Fundi umeme alikuja Jumamosi, akakagua, akasema hakuna cha kuumiza kichwa: chaja ifungwe ukuta wa mwisho wa ua, iliko mita, tena ya waya mfupi, kwa kuwa waya mrefu hukanyagwa ukachakaa bure. Gari liingie kinyumenyume tu, mkia ukutani, kazi kwisha.

Pindo aliutazama ukuta ule, kisha akaligeukia geti. Akasema yeye anaona chaja ikae kwenye nguzo ya geti, ambako mkia huishia gari likiingia kwa mbele. Fundi umeme akamweleza kwamba huko itabidi wachimbe mtaro ua mzima kupitisha nyaya, na mvua itaipiga. Pindo akajibu kwamba ataishonea koti. Koti la chaja, lenye kofia na vifungo. Akaongeza kwamba betri nayo inahitaji hewa, na getini kuna upepo. Mwisho akasema kitambaa kirefu hupunguzwa lakini kifupi hakiongezwi, kwa hiyo waya uwe mrefu, uzunguke nyumba ikibidi. Fundi umeme alimtazama kama anayetazama soketi inayotoa moshi.

Hapo ndipo alipoingia shemeji. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mwalimu wa shule ya udereva, mtu ambaye akipata cha kucheka hukila mwaka mzima na makombo akayaweka. Pindo alikuwa radhi mtaa mzima ujue siri yake, lakini si huyu. Shemeji alisikiliza ubishi ule, akaona ni wa kitoto, akasema waumalize mara moja: gari liingizwe kinyumenyume, waone waya mfupi unafika au haufiki.

"Liingize, shemeji," akasema, akimtupia ufunguo uliokuwa barazani. "Dakika moja tu."

Pindo akasema mgongo unamuuma. Kisha akasema miwani ameisahau dukani, nayo iko puani kwake.  Ufunguo alikuwa ameushika kwa mikono miwili, kama aushikavyo kila asubuhi, na mkewe akaitazama ile mikono, akamtazama usoni, akalitazama gari. Akaelewa yote, pamoja na zile asubuhi.

"Mwache," akamwambia kaka yake. "Anayeogopa rivasi ni mimi. Anaona haya kunisema, ndiyo maana anang'ang'ania geti."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Dada yake mwenyewe, mwanafunzi wake wa kwanza. Akasema Jumatatu atawasimulia wanafunzi wote, na kibao cha mwanafunzi cha kubandika nyuma ya gari atamchorea yeye mwenyewe, na siku ukoo ukikutana ataomba wajitolee watu wa kumsindikiza dada kurudi nyuma. Mke wa Pindo alitazama chini. Mwanamke yule ambaye madaktari humwogopa alisimama pale anachekwa kwa kosa lisilo lake. Pindo akaona hiyo sasa imezidi. Ilimuuma kuliko aibu yote aliyoificha.

"Ni mimi," akasema. "Sijui rivasi, na sijawahi kuijua. Huyu ndiye hulitoa kila asubuhi, ndiyo napata kwenda kazini."

Shemeji alifungua mdomo acheke tena. Dada yake akamkata jicho, naye akaufunga.

"Kwa hiyo zile asubuhi zote," mkewe akasema polepole, "ulikuwa woga."

"Mwanzoni, ndiyo," Pindo akasema. "Baadaye ningeweza kwenda kujifunza. Lakini ningejua rivasi, nisingeiona tena ile sura yako ukipokea ufunguo."

Fundi umeme akakohoa, akauliza kwa upole sasa hii chaja aifunge wapi. Pindo akavuta pumzi, akaonyesha ukuta wa mwisho, penye mita. Akasema afunge ya waya mfupi. Gari litaingia kinyumenyume, ataliingiza yeye, na ataanza leo hii.

 Mkewe alimshika mkono, akaubana, akauachia. Halafu akainama, akaanza kuondoa vyungu vyake vya maua vilivyopangwa kando ya ukuta, kimoja kimoja, akivipeleka ndani mpaka jikoni. Shemeji naye akakumbuka kwamba gari la shule ameliegesha karibu na geti, akatoka mbio kwenda kulihamisha.