Chokaa Ndani ya Eda

Umewahi kuona nyumba ikipigwa chokaa ili iuzwe, na mwenyewe bado yumo edani?

Mimi niliiona hapa Gongoni, mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini. Jirani yangu Bi Zamda alifiwa na mumewe, fundi cherehani, na hawakujaaliwa mtoto. Eda haijafika hata nusu, akaja shemeji yake Yahaya, ndugu wa marehemu, kutoka Goweko. Huko nyumba yake ilivunjwa ahamie kijiji cha ujamaa, watoto wake wakawa wanalala chini ya turubai. Kwa hiyo simlaumu sana. Alitaka nyumba ya marehemu iuzwe upesi, kila mrithi achukue fungu lake.

Mjane hahami hovyo mpaka eda iishe. Bi Zamda angekwenda kuikalia wapi eda yake? Hakuna aliyemuuliza.

Tukaipamba nyumba. Kuta chokaa, mlango rangi ya kijani, sakafu nikaisugua kwa majivu. Kitanda alichofia marehemu kikatupwa uani. Cherehani yake ikafunikwa kitambaa cha kuazima, cha maua mekundu.

"Sasa choma udi," Yahaya akaniambia.

"Udi hakuna. Umebaki ubani wa hitima."

"Choma huo huo."

"Bwana Yahaya, nyumba itanuka maiti."

"Mnunuzi ni mrina asali wa Igalula. Pua yake imejaa moshi, atajua nini?"

Kisha akamgeukia Bi Zamda, aliyekaa mkekani na nguo zake nyeupe. "Shemeji, mtu hanunui kilio. Ingia stoo kidogo."

Akaingia. Nikamwekea kigoda kati ya magunia ya mahindi. Ukuta wa stoo nao ulikuwa umepakwa asubuhi ile. Vumbi la chokaa halijatulia.

Mzee Mabruki, yule mrina asali, akaja. Alipapasa kuta, akatazama boriti moja moja, akasifu bati. Halafu akasimama, akanusa.

"Mmefiwa?"

"Zamani kidogo," Yahaya akajibu.

Kule stoo mtu akakohoa.

"Mna nini humo?"

"Mahindi."

"Ya kwetu Igalula hayakohoi," mzee akasema, akausukuma mlango.

Alipoona nguo nyeupe akageuka mara moja, akawa anazungumza na ukuta. "Bibi, niwie radhi. Sikujua. Nyumba hii nimeipenda, sikufichi. Lakini wewe mwenyewe unataka nini?"

Yahaya akafungua mdomo. Mzee akamwinulia mkono, bila kugeuka.

Bi Zamda alikuwa na chokaa mpaka kwenye kope. Alijifuta kwa ncha ya nguo yake, polepole, jicho moja, kisha la pili.

"Nataka nimalize eda chumbani kwangu," akasema, "na siku ya kutoka, nitokee mlango wa mbele. Nikishavuka kizingiti, uzianeni."