Mji Uliogombania Godoro

Siku hiyo nilirudi kutoka shuleni kwa binti yangu, Sikudhani, kichwa kikiniwaka kama jiko la mkaa lililopulizwa. Wakubwa wa shule ile walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, wao wakiwa nyuma ya meza yenye kitambaa: mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu, na mwenyekiti wa bodi, aliyekuwa akichezea simu yake muda wote. Wakasema Sikudhani amempiga mwenzake bwenini, na kwamba kesho asubuhi kuna kikao cha mwisho cha kuwasuluhisha. Mzazi asipofika na mtoto wake, jina linafutwa, na mtihani wa kidato cha nne atausikia redioni. Sikuwaacha wamalize. Niliwaambia ninyi ni walewale: ninyi ndio wa zahanati mliomrudisha mke wangu nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu mpaka kifua kikaniulia mtu, ninyi ndio wa kata mnaotukumbuka siku za kura tu. Nikabeba sanduku la mwanangu, nikamwambia twende, hapa hurudi tena. Njia nzima hakunifungulia mdomo. Tulipofika akaenda uani kufua, nami nikaingia kwenye kibanda ninachojazia magodoro ya sufi, kazi niliyoachiwa na baba, maana darasani niliishia la nne. Palikuwa na godoro nililolijaza nusu. Nikajitupa juu yake ninyooshe mgongo, jua bado likiwa kali, nyuzi za sufi zikielea kwenye mwanga wa dirisha. Nikazitazama, nikazitazama, usingizi ukanichukua.

Nikaota niko njiani, na njia yenyewe nyeupe, laini, inabonyea chini ya nyayo, na kila nikikanyaga vumbi jeupe linapanda na kushuka taratibu kana kwamba halina haraka ya kufika chini. Mbele yangu ukatokea mji ambao nyumba zake zilikuwa ndogo kama za kwetu, lakini milango yake mipana ajabu, mkokoteni na ng'ombe wake ungepita bila kugusa mwimo. Nikasimama kuishangaa. Watu gani hawa wanaolala chumba kidogo na kujiwekea mlango wa ghala?

"Si uulize, Mzaramo! Au ulimi umeumeza pamoja na wali wa nazi?"

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mnene, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupika shughulini, shingo ameitanguliza mbele kuliko mwili, macho hayatulii. Alizungumza kama watani wetu Wanyamwezi, wale ambao hata msibani hukunyang'anya kofia, wakaivaa na kutembea kama wewe, nawe na machozi yako ukajikuta unacheka.

"Wewe ni nani, bibi?"

"Udadisi. Wakubwa wenu huniita Kimbelembele. Leo asubuhi nilikuwa nimekaa mlangoni pale shuleni nakungoja, ukanipita kama upepo, hata salamu hukunipa. Haya, nifuate, na usinikanyage, miguu yenyewe kama mchi!"

Tukaingia mjini, nami nikaelewa habari ya milango. Kila mtu wa pale alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kulia, na kidole chake cha shahada kilikuwa kirefu kama upembo wa kuangulia maembe, kimemwelekea mtu mwingine, ambaye naye chake kimemwelekea mwingine. Hawakuweza kujikuna. Hawakuweza kukumbatiana. Nilimwona mume na mke wanajaribu kula sahani moja, vidole vikagongana juu ya chakula, kila mmoja akasusa akisema ni wewe, ni wewe. Nilimwona mwalimu na mwanafunzi wake wamekwama kwenye uchochoro, hakuna wa kumpisha mwenzake, na nyasi zilikuwa zimekwisha kuota miguuni pao.

"Huu ni Mji wa Lawama," Udadisi akaniambia, akifunua chungu cha watu na kuchungulia ndani huku tukipita. "Hapa swali wanalolijua ni moja tu: nani? Wakishapata jibu wanalala, ingawa hawalali vizuri."

Nitasema kweli, mji ule ulinipendeza. Nikaona hapa angalau watu wanajua kumtaja mkosaji. Tulipofika uwanjani nikawaona wakubwa wa mji, Bwana Cheo na Bibi Kanuni, wamekaa juu ya magodoro yaliyopangwa mpaka usawa wa paa, nikashindwa kujizuia. "Ndio hao!" nikapiga kelele, nikawanyooshea kidole. Nikahisi kama mtu anakivuta. Kikarefuka, kikarefuka, kikapita vichwa vya watu, ncha yake ikaanguka chini vumbini kwa uzito.

Udadisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo! Mzaramo sasa unaweza kuchuma nazi umekaa! Hebu buruta kidole chako uje uone wanachogombania."

Katikati ya uwanja palikuwa na godoro moja, na juu yake mtoto wa kike aliyekuwa akijigeuza huku na huku. Machozi yanamtoka, kinywa kiko wazi, sauti hakuna. Udadisi akanong'ona kwamba mtoto huyo anaitwa Kimya. Na umati mzima ulikuwa umemzunguka ukibishana ni nani aliyelijaza godoro lile vibaya. Bwana Cheo alisema ni uzembe wa wazazi. Wazazi walisema ni wizi wa Bwana Cheo. Bibi Kanuni akasema kwa vyovyote mtoto aondolewe, analeta fujo.

"Wewe si fundi?" Udadisi akaniuliza. "Mna nini humo ndani?"

"Nitajuaje? Sijalifungua."

"Lo! Na mbona ulikuwa umekwisha mtaja mkosaji?"

Nikachuchumaa kando ya yule mtoto, na kwa sababu sikujua nianzie wapi, nikamuuliza, "Panakuchoma wapi?" Papo hapo kidole changu kikajivuta kwa kasi, nusu yake nzima ikarudi. Mtoto akagusa ubavu. Nikauliza, "Tangu lini? Ukilala upande huu je?" Kila nikiuliza kinapungua, mpaka mkono ukawa mkono tena, nikaweza kushika uzi na kuufumua mshono.

Ndani mlikuwa na sufi ambayo haikuchambuliwa, imejaa mbegu. Fundi mvivu huacha mbegu, na mbegu ndizo zinazochoma ubavu na kuita panya. Nikaanza kuzitoa. Kila mbegu niliyoitoa ilipasuka kiganjani mwangu, na ndani yake mkatoka neno kwa sauti ya mtoto: "mama"... "mshono"... "nje"... "mvua". Nikachambua kwa haraka, nimeshikwa na hamu ya kuyaunga maneno yale, huku kelele za uwanjani zikififia.

Udadisi akakaa karibu yangu, na safari hii hakunitania. "Ukishamtaja mtu," akasema, "kazi yako umeiona imekwisha, na godoro linabaki vilevile. Ukiuliza ilikuwaje, ndipo kazi inaanza. Lakini nawe usijisifu bado. Umechambua upande mmoja. Lipindue."

Nikalipindua. Chini yake, kati ya godoro na ardhi, alikuwapo mtoto mwingine. Umati wote haukujua kama yupo. Alikuwa amejaa vumbi jeupe puani na kwenye kope, amejikunja, anakohoa. Nikafungua mdomo nimuulize jina, na kikohozi chake kikaingia kifuani mwangu.

Nikaamka nakohoa. Sufi ilikuwa imenijaa puani na kwenye ndevu. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Baba, unapaliwa."

Nikaketi, nikamtazama mwanangu kama mtu niliyemwona zamani.

"Siku ile bwenini," nikasema, "ilikuwaje?"

Akaiweka ndoo chini. "Leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo."

Akaegemea mwimo wa mlango, akasema akitazama nje. "Alilitoa godoro langu nje, baba. Lile mama aliloshona foronya yake kabla ugonjwa haujamlaza kitandani. Mvua ikalinyeshea usiku kucha, mshono wote ukaachia. Nilipoliona, sikujua hata mkono umefikaje usoni kwake. Nikaulizwa umempiga, hukumpiga? Nikasema nimempiga. Hakuna aliyeuliza zaidi. Na wewe ukaja ukagomba, tukaondoka."

Wale wakubwa wa shule wakanijia tena akilini, na mkono wangu nikauhisi unainuka wenyewe. Nikaukalia.

"Na huyo mwenzio, alikuwa na nini hata akalitoa?"

Akaiinua ndoo, akaiweka tena chini.

"Ana pumu," akasema. "Analala kitanda cha chini yangu. Mshono ulikuwa umeanza kufumuka kitambo, sufi inamdondokea. Usiku anakohoa, baba. Anakohoa kama mama."

Nyuzi zilikuwa bado zinaelea kwenye mwanga, nyeupe, hazina haraka. Miaka yote mke wangu alikaa hapa kwenye kibanda hiki, akinishikia kitambaa nikijaza, akivuta vumbi hilihili, na kila nilipouliza habari ya kifua chake niliuliza nani. Sijui ilikuwaje. Labda hata wa zahanati hawajui. Lakini sijawahi kwenda kuwauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

Nikatoka nje, nikavua shati nikalikung'uta mbali na mwanangu, nikanawa uso na mikono mpaka viwiko.

"Anaitwa nani huyo mwenzio?"

"Nchambi. Kwao Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Kumbe umempiga mtani wetu! Watatuchekaje hao." Mwanangu akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akajizuia. "Sikudhani, kesho tuondoke mapema twende kikaoni, tusiwakute wamekwisha kaa. Lile godoro nitalivalisha kitambaa kizito lisitoe hata uzi, na kama bado linamkera, litarudi nyumbani. Nitolee shati la kwendea."

"Lile la bluu?"

"Lolote," nikamwambia, "ambalo halijawahi kuingia humu kibandani."