Kompyuta Iliyofuturu Mapema

Mouhidine alikuwa na akili, hilo halina ubishi, ila zilikuwa akili za kumtia mtu matatani. Ramadhani ile, wenzake wa posta ya Moroni walipokuwa wakisinzia mezani wakingoja jua litue, yeye alishinda sebuleni mbele ya kompyuta iliyounganishwa na redio na televisheni, akiandika programu ya kusikia kisichosikika.

"Kisichosikika kina faida gani?" aliuliza mkewe, Bahiat, mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwani Anjouan, mwenye ulimi wake.

Faida ilikuwepo. Kule Mutsamudu, rafiki yake Chabane, mpenzi wa redio kama yeye, alirusha ujumbe kwa mtambo mnyonge, kila herufi akiirudia na kuirudia. Sikio la mtu lingesikia mvumo mtupu. Programu ilitakiwa kuzirundika sauti zile moja juu ya nyingine mpaka herufi ijitokeze. Sharti lilikuwa moja: pande zote mbili zianze pamoja. Na kwa kuwa saa zao zilikuwa kimeo, walikubaliana kuanza kwenye adhana ya magharibi. Nani anaikosa adhana hiyo, na tumbo linanguruma?

Basi kila jioni skrini ikajaa takataka. Mouhidine aliifumua programu, akaiandika upya, akaitukana, akamtukana na Chabane, kisha akaomba toba kwa kuwa amefunga.

Kisha akaja kapteni mmoja wa mamluki wa Kizungu walioishika Komoro siku zile. Mamluki wale walikuwa na tabia ya kuingia nyumba za watu kana kwamba wanaingia jikoni kwa mama zao. Huyu aliizunguka kompyuta, akaigonga kwa kidole, akatoa hukumu yake.

"Ijumaa magharibi nitakuja kuiona. Ikiwa ni mchezo wa watoto, baki nayo. Ikiwa inapokea habari kutoka Anjouan, tunaichukua."

Mouhidine nusura acheke. Kompyuta ile aliileta kutoka Ufaransa ameipakata ndani ya ndege, aliipenda mno, na sasa kumbe kushindwa kwake ndiyo salama yake. Alichotakiwa ni kuonyesha takataka tu, na takataka alikuwa nazo tele.

Ijumaa kapteni akaketi kwenye kiti cha baba mwenye nyumba, miguu juu ya stuli, anavuta sigara mbele ya watu wenye saumu. Mouhidine alitulia, kidole karibu na kitufe, akingoja adhana. Jikoni Bahiat alikuwa akipanga tende na kulalamika kama alivyolalamika kila Ramadhani tangu aolewe Moroni.

"Kwetu sasa hivi wanafuturu. Jua la kwetu lina huruma, linatangulia kuzama. Hili la huku linatutesa tu."

Mouhidine akageuka kuelekea jikoni. Miaka yote amelisikia lalamiko lile! Chabane alikuwa akianza kwa adhana ya Mutsamudu, yeye kwa adhana ya Moroni. Programu haikuwa na kosa hata chembe. Tena sasa hivi, dakika hii hii, Chabane alikuwa akianza kurusha.

Akaukunja mkono. Anyamaze tu. Adhana ya Moroni ije, takataka zije, mzungu aende zake.

"Nilijua," alisema kapteni, akiitazama skrini tupu na kupiga miayo. "Ninyi mkipewa kalamu, mnachokonolea masikio."

Mouhidine akabonyeza.

Skrini ikakaa tupu kidogo. Kisha ikatoka M. Ikaja O. Halafu U. Kapteni akashusha miguu. Herufi zikaendelea kujitokeza moja moja, taratibu, safi, mpaka sentensi ikatimia: MOUHIDINE UMEKUFA AU UNARINGA.

Kapteni hakuelewa neno hata moja, ila jina alilijua, na lilitosha. Akaita askari wake wawili wa nje. Wakaondoka na kompyuta, na televisheni, na redio, na kaseti zenye programu, na hata waya.

Ndipo adhana ya Moroni ikasikika. Bahiat akamkuta mumewe amesimama mbele ya meza tupu, machozi yanamtoka, meno yote nje.

"Si ungenyamaza tu, mume wangu?"

"Imesoma, Bahiat. Umeona? Imesoma."

Bahiat alitaka kumkaripia, akashindwa. Akamtia tende mkononi.

"Imesoma," alisema. "Haya, kula."